Kombi Iliyotangazwa Kufa

Patrobas Shiundu hakuwahi kutoka Nairobi ila kwenda kuzika. Ukidhani ninatia chumvi, muulize mkewe Triza, maana ndiye aliyekuwa akipanga nguo kwenye begi. Likizo yake ya kwanza kiwandani, enzi hizo bado ana nywele za kuchana, aliimaliza kwenye matanga ya babu yake. Ya pili akamzika shangazi. Ya tatu akaapa kwamba hii sasa ni yangu mimi, akanunua shati la maua la mikono mifupi na kofia ya kukinga jua. Wiki hiyohiyo mjomba wa Triza akaaga dunia, na shati likaenda kuchimba kaburi. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo ilikatika namna hiyo. Kila alipopita mchana barabara ya juu ya Naivasha alikuwa amebanwa ndani ya basi lililofungwa kitambaa chekundu cha msiba, watu wakiimba, naye akilichungulia ziwa katikati ya mabega ya waombolezaji mpaka likaisha.

Lilimkera jambo hilo, na hakuona haya kusema lilimkera. Si kwamba hakuwapenda wafu wake. Aliwapenda, na wengine anawalilia mpaka leo. Lakini alitaka mara moja tu, kabla na yeye hajatiwa kwenye sanduku na kupitishwa hapohapo Naivasha, asafiri na mkewe kwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyekufa. Alale kando ya lile ziwa, aamke, anywe chai akitazama maji, kisha arudi zake nyumbani, mtaa wa Huruma. Hakuomba zaidi ya hapo.

Wazo la gari lenyewe alilipata matangani, kama ulivyokwisha kubahatisha. Basi la mazishi lilisimama kwenye kituo cha mafuta ili watu wajisaidie, na Shiundu akiwa kwenye foleni ya choo akaona Kombi ya zamani, lile gari-boksi la Volkswagen, imeegeshwa kivulini, mlango wazi, ndani kuna kitanda na pazia. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wamekaa nje kwenye viti vidogo wanakunywa chai. Hawakuwa wakisubiri chochote. Shiundu aliwatazama mpaka akapoteza nafasi yake kwenye foleni.

Basi alipostaafu, wenzake wa rika moja wakinunua ng'ombe na mabati ya nyumba ya kijijini, yeye alinunua Kombi. Aliipata mtaa wa Ziwani, hapohapo Nairobi, nyuma ya nyumba ya mtu aliyehama, imekaa juu ya mawe, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Ilikuwa na kutu, haina vioo viwili, na injini yake haikuwa imenguruma tangu Mideva, binti yao, alipokuwa anaanza shule. Akaipandisha kwenye lori, akaipeleka kwenye gereji ya rafiki yake Nabiswa huko Baba Dogo. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, na hayakuanzia kwenye injini.

Yalianzia kwenye chama. Watu wa kwao Shiundu wanaoishi Huruma wana chama cha mazishi, na kama wewe ni mtu wa magharibi mwa Kenya unayekaa Huruma bila chama cha mazishi, basi umeamua mwenyewe kuzikwa na kanjo, askari wa jiji. Mwenyekiti wao ni Opicho, mwenye duka la mbao na misumari, mtu mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti. Upole wake ndio unaotisha, kwa sababu hujui utamkatalia vipi. Chama kina sheria nyingi zilizoandikwa, na moja ambayo haijaandikwa popote: mwenye gari hutoa gari. Hakuna anayekuja kukuomba. Mtu akifa, unaambiwa tu mtatoka saa ngapi.

Shiundu aliijua sheria hiyo kwa mgongo wake. Zamani alikuwa na pikapu ya Datsun. Haikuwahi kubeba kochi, haikuwahi kubeba hata kabichi. Ilibeba majeneza, kila mara usiku, mpaka giaboksi ikakatika Timboroa, mvua inanyesha, na marehemu wa watu yuko nyuma. Akaapa siku ile, ameloa chapachapa, kwamba akipata gari lingine halitajua njia ya makaburini.

Kwa hiyo Opicho aliposikia habari za Kombi akaja gereji siku ya kwanza kabisa, mikono nyuma, akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha akauliza kama inatembea.

"Imekufa, mwenyekiti," Shiundu akasema. "Nimenunua bodi tu. Injini ni chuma cha kuuza kwa kilo."

Siku hiyo ulikuwa ukweli, au karibu na ukweli. Opicho akampa pole, pole ya dhati ya kushikana mikono, na Jumapili iliyofuata akatangaza mkutanoni kwamba mwenzetu Shiundu amejaliwa gari lakini kwa bahati mbaya gari limekufa. Wanachama wakasikitika. Mmoja akapendekeza wamwombee. Neno likishatangazwa na mwenyekiti linakuwa la chama kizima, na Shiundu hakuwa tena na njia ya kulirudisha.

Akafanya kazi, basi, kwa siri na kwa hasira. Nabiswa ni fundi wa kuchomelea malango, na kwake kila kitu ni lango. Shiundu alimwomba mlango mdogo wa kabati la vikombe, akaletewa lango lenye komeo la kufungia duka. Akamwomba atoboe paa ili liweze kuinuliwa, akakatiwa tundu ambalo twiga angepitisha shingo, na wakakaa mwezi mzima wakiziba. Raba za vioo alizitafuta mjini mpaka wauzaji wa spea wakaanza kumkwepa. Aliambiwa zipo, akaenda, hazipo. Aliambiwa zinakuja, zikaja za gari lingine. Usiku alimsimulia Triza kila raba na kila nati, na Triza, ambaye alikuwa ameamka tangu alfajiri, alisinzia kwenye nati ya tatu.

Injini ilifufuka mwezi wa tatu. Ingekuwa siku ya furaha, lakini Kombi haijui kunong'ona, na mtaa ule umejaa watu wa chama wanaofanya kazi kwenye viwanda vya jirani. Ikabidi atumie akili. Mlango wa pili kutoka kwa Nabiswa kuna mtu mwenye mashine ya kukatia vyuma. Shiundu alikaa kwenye usukani akisubiri mashine ile ianze kulia, ndipo awashe, na ikinyamaza, naye azime. Mzee mwenye kipara, aliyenunua gari lake kihalali mchana kweupe, akajificha nyuma ya kelele za jirani utadhani mwizi wa betri. Ilimuuma. Nabiswa alimwambia njia ya mwongo ni fupi, naye akamjibu kwamba anahitaji ifike Naivasha tu.

Triza alishona. Mapazia, mito, mfuko wa kuning'iniza vijiko. Kitanda kilikuwa benchi refu ambalo ukilivuta linalala na kuwa la watu wawili, na godoro lake alilikata yeye mwenyewe kwa kisu cha mkate, akalivika kitambaa cha kijani kibichi. Jioni moja, mgongo ukimuuma, alitaka kujinyoosha juu yake kidogo tu. Shiundu akamzuia. Alisema usiku wa kwanza ni wa ziwani, na kitanda kisilaliwe kabla. Triza akamtazama, akakusanya nyuzi zake, akaenda kupanda gari la kurudi nyumbani.

Lazima niseme pia kwamba Triza ndiye katibu wa maombi wa chama. Uongo ulimwasha. Hakuwahi kuutamka yeye. Akiulizwa habari za Kombi alisema muulizeni mwenyewe. Lakini hilo lilikuwa na bei yake, maana wanawake wenzake walimwonea imani. Pole Mama Mideva, walikuwa wakimwambia, wanaume wakistaafu huwa hivyo, wangu naye alileta redio ishirini mbovu. Mmoja alimpa sufuria ya maharagwe, eti pesa za kustaafu zimeliwa na chuma. Triza aliyapokea maharagwe, akashukuru, akayameza pamoja na mengine yote.

Pasaka ilipokaribia walifunga mifuko, na Ijumaa Kuu akafariki mwanachama wa Kariobangi. Wakapanga mwezi wa nane, na mwezi wa nane wakafa wawili. Shiundu alikwenda kote huko kwa basi. Mara ya mwisho alipita Naivasha amesimama, ameshika chuma cha juu, kwapa la mtu puani, naye anajua kabisa kuwa Kombi yake nzima, yenye kitanda na meko na mapazia, imelala Baba Dogo chini ya turubai. Aliuma meno mpaka Nakuru.

Ndipo akasikia habari za maonyesho ya magari ya zamani. Yangefanyika Jumapili, kwenye uwanja wa nyasi upande wa pili wa jiji, ambako mtu wa Huruma hafiki ila kama ameajiriwa kufyeka ua wa mtu. Shiundu akaona mlango umefunguka. Angeipeleka Kombi kwenye maonyesho kwa kuvutwa, kila mtu aone kweli imekufa. Jioni, maonyesho yakiisha, angewasha injini na kushika njia ya Naivasha moja kwa moja, bila kurudi Huruma. Wangelala siku mbili. Wakirudi wangeingia kwa kuvutwa tena. Triza alipoelezwa mpango huo aliuliza tu wabebe sukari kiasi gani.

Jumapili asubuhi Kombi ilitoka Baba Dogo kwa kamba, nyuma ya pikapu ya Nabiswa. Hebu mfikirie mzee wa watu. Tangi limejaa, betri mpya, injini inayoshika kwa kuguswa, naye ameshika usukani anavutwa kama mbuzi wa sadaka. Watu waliokuwa wakienda kanisani waliwapungia mikono, na wawili wa chama wakapaza sauti kumpa pole. Akazipokea zote. Walipovuka mji Nabiswa akawavuta mpaka ndani ya uwanja, akafungua kamba, akawatakia safari njema, akarudi zake.

Sasa uwanjani. Kulikuwa na Peugeot 404 nyeupe zilizong'arishwa mpaka unajiona meno. Kulikuwa na Morris Minor, na Volkswagen zile za mgongo wa kobe zimepangwa kwa rangi, na Mercedes ya zamani ambayo mwenyewe aliishusha mpaka tumbo likawa linafagia nyasi. Vijana wa mtaa wa Umoja walikuwa wameleta Datsun ya zambarau yenye spika kubwa kuliko viti. Nyuma kabisa, karibu na ua, palikuwa na safu ya nyumba za magurudumu: Land Rover zenye hema juu, lori la jeshi lililofanywa nyumba lenye choo chake ndani, na Kombi ya Shiundu.

Alifungua mlango, akainua paa, akatoa viti viwili vidogo alivyovinunua kwa ajili ya ziwa, akavipanga nje. Triza akachemsha chai. Wakakaa. Jua lilikuwa la kadiri, na kwa muda wa kikombe kimoja Shiundu hakukereka na chochote. Watu walipita, wakainama kuchungulia ndani, wakasifu mapazia. Kijana mmoja wa Datsun ya zambarau alizunguka Kombi mara mbili akitikisa kichwa.

"Buda, hii kitu imeundiwa wapi? Ni moto."

Shiundu akamwambia Baba Dogo. Kijana akacheka, akasema wacha mchezo, ukweli ni wapi. Shiundu akamwonyesha lile komeo la duka kwenye kabati la vikombe, na kijana akaamini.

Jaji alikuwa mama mmoja mwenye kofia pana. Aliomba avutiwe kitanda, kikavutika bila kukwama. Aliomba meko iwashwe, ikawaka. Akaandika, akatabasamu, akasema kilichobaki ni kupita mbele ya jukwaa, maana sheria ya hapo ni kwamba kila gari lipite kwa nguvu zake lenyewe. Shiundu hakuwa amelijua hilo. Akageuka kushoto na kulia akitafuta uso wa Huruma. Hakuna. Akaingia, akageuza ufunguo, na kwa mara ya kwanza tangu iwe mali yake Kombi ikanguruma bila kujificha nyuma ya mashine ya mtu.

Akaendesha polepole mbele ya watu. Mtangazaji akasoma jina lake kwenye kipaza sauti, akasema mzee huyu amelijenga gari hili kutoka kwenye mabati matupu, na uwanja ukapiga makofi. Triza alikuwa amesimama kando ya kamba, simu juu, anapiga video huku machozi yanamtoka. Kombi ilipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa lile lori lenye choo. Walipewa kikombe kidogo cha bati. Shiundu akakiweka kwenye kabati, akasukuma komeo, akasema sasa tufunge viti, ziwa linatungoja.

Triza hakufunga viti. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango anatazama simu, na uso wake ulikuwa na amani ambayo Shiundu hakuwa ameiona muda mrefu. Akamuuliza anatazama nini. Akasema anasoma pongezi. Za nani? Za wanachama. Alikuwa ametuma ile video kwenye kundi la chama, kwa watu wote: Kombi ikipita, injini ikisikika, mtangazaji akitaja jina lote la Patrobas Shiundu.

Mzee alimuuliza kama amechanganyikiwa, kama kuna mtu aliyemlazimisha, kama anajua maana ya alichokifanya. Triza alisubiri amalize.

"Nimechoka kuletewa maharagwe," akasema. "Mwaka mzima mimi ni mke wa mtu aliyenunua gari lililokufa. Leo watu wamekupigia makofi, na wewe unataka nikae nayo tumboni tena? Nimeshindwa, Baba Mideva. Nimeshindwa kabisa."

Shiundu akafungua kinywa kumjibu. Alikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini simu yake ikalia mfukoni, na jina lililokuwa juu ya kioo lilikuwa la Opicho.

Alitarajia kusutwa. Alikuwa hata ameshaanza kuandaa maneno ya injini iliyofufuka ghafla njiani, miujiza hutokea. Opicho hakumsuta. Alimpongeza kwanza, kwa sauti ileile ya chini, akasema gari ni zuri na kazi ya mikono inaonekana. Kisha akasema lililomfanya apige simu.

"Shiundu, mama ametutoka alfajiri ya leo. Nilikuwa nimefungua simu niandike tanzia, nikakuta Kombi yako iko hapo, na ina kitanda. Mama zangu wadogo wapo watatu, na yule mkubwa nyonga imekufa, hawezi kukaa wima kwenye basi mpaka nyumbani. Tangu asubuhi nilikuwa najiuliza nitambeba vipi. Mungu ana njia zake."

Hakusema neno moja juu ya lile la "nimenunua bodi tu". Hakusema juu ya chuma cha kuuza kwa kilo. Angesema, Shiundu angepata pa kukasirikia. Alibaki ameshika simu, vijana wa Umoja wamefungulia spika zao, na kitu pekee alichoweza kutamka kilikuwa pole sana, mwenyekiti, pole sana, tunatoka lini.

Wakagombana humo ndani ya Kombi kwa mara ya kwanza, mlango umefungwa na mapazia ya Triza yameshushwa. Shiundu alisema safari ya mazishi ni Ijumaa, leo ni Jumapili, wanaweza kwenda ziwani hata usiku mmoja tu na kurudi kesho mchana. Alisema hakuna atakayejua. Triza akamuuliza ni nani atakayeongoza maombi jioni hii kwa Opicho, na watu watasema nini wakisikia katibu wa maombi yuko Naivasha anakula samaki na mama wa mwenyekiti yuko mochari. Shiundu akasema hata samaki hatakula. Akajisikia anavyosema, akaiacha hoja hiyo. Yeye mwenyewe alijua kwamba angefika ziwani, angekaa kwenye kiti chake, na chai isingepita kooni. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba hata akipewa ruhusa hawezi. Akapiga usukani kwa kiganja, mara mbili, kisha akaugeuzia Huruma.

Waliingia mtaani kwa injini, bila kamba. Watu walitoka kwenye maduka kuitazama. Waliompa pole asubuhi walimpa hongera jioni, kwa moyo uleule, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wafu wanafufukaje njiani.

Siku zile zote kabla ya Ijumaa, Shiundu aliomba jambo ambalo hakuwahi kuliombea gari lolote: aliomba limharibikie. Si sana. Kabureta izibe, au waya ukatike, kitu cha heshima ambacho mtu anaweza kukiripoti bila kulaumiwa. Raba zilizomtesa mwaka mzima zilikuwa zimeshika vioo sawasawa. Betri ilikuwa nzima. Ijumaa asubuhi aligeuza ufunguo kwa kuvizia, na Kombi ikashika mara moja, tena kwa furaha. Nabiswa alikuwa amesimama pale, akafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni na kukivuta kuhakikisha kimekaza.

Wale mama wadogo wa Opicho walipandishwa mmoja mmoja. Yule mkubwa aliinuliwa na vijana wanne, akalazwa kwenye godoro la kijani, akavuliwa viatu. Akalipapasa godoro kwa viganja vyake vilivyokauka, akainua macho kutazama paa na mapazia.

"Kitanda kizuri hiki," akasema. "Nani hulala hapa?"

"Bado, mama," Shiundu akajibu. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi Mungu akubariki, mwanangu," akasema, na kabla hawajafika Limuru alikuwa anakoroma.

Gari la maiti lilikuwa mbele, basi la waombolezaji nyuma, na Kombi katikati. Triza alikaa mbele karibu na mumewe, amejifunga leso kichwani, akiongoza nyimbo, na wale mama wadogo wawili waliokuwa macho wakiitikia kutoka ukingoni mwa kitanda. Injini ilipanda milima bila kulalamika. Shiundu hakuimba. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mkia wa gari la maiti, na kila kilomita ilimuuma, kwa sababu gari lilikuwa linakwenda vizuri vilevile alivyokuwa ameota.

Walipofika barabara ya juu ya Naivasha mawingu yalikuwa yameinuka, na ziwa likafunguka lote chini kushoto, limetulia, jua limelala juu yake. Hakukuwa na bega la mtu mbele yake. Kwa miaka yote hii hakuwahi kuliona zima. Mguu wake ukalegea kwenye mafuta bila yeye kuuambia, Kombi ikapunguza mwendo, gari la maiti likaanza kuwaacha, na dereva wa basi nyuma akapiga honi.

"Mama Mideva," akasema. "Ziwa lile."

Triza akakatiza wimbo. Akaligeukia ziwa, akalitazama mpaka basi likapiga honi mara ya pili.

"Nimeliona," akasema. "Tazama barabara, Baba Mideva."